Kidole Gumba cha Mguu wa Kushoto

Mama Buluu hakupewa jina hilo na mzazi wala na karani wa vizazi. Alipewa na mikono yake. Tangu alipoanza kazi ya kutia vitambaa rangi, akiwa msichana aliyetoka shule bila mpango wowote wa maana, mikono yake ilikuwa buluu hadi juu kidogo ya vifundo, na kucha zake zilikuwa nyeusi kama za mtu aliyefinywa na mlango vidole vyote kumi kwa mpigo mmoja. Glavu alipewa. Alizijaribu asubuhi moja, akazitundika msumarini, na hapo zikakaa mpaka zikapasuka zenyewe. Alisema ukivaa glavu hujui kitambaa kimeshiba lini. Kitambaa kinatoka kwenye pipa kikiwa na rangi ya kijani, kinakaa hewani kidogo, kinageuka buluu mbele ya macho yako, na mkono wenye glavu haujui wakati wa kukirudisha. Sokoni, wauzaji wasiomfahamu walimtazama mikono kwanza na uso baadaye, naye alikuwa akiwaambia, "Usiogope, haiambukizi."

Banda la kazi la watia rangi lilikuwa kwenye kiwanja cha baraza la mji, nyuma ya safu ya maduka: bati juu, ukuta upande mmoja, mapipa chini, na kamba za kuanikia zilizokatiza kila upande hivi kwamba mgeni hakosi kupigwa kofi la uso na shuka bichi. Watu wapatao sitini walipata riziki yao hapo. Wote walivaa buti za mpira, maana maji ya rangi yalitiririka chini mchana kutwa, na wote walikuwa na mikono kama ya Mama Buluu.

Mbele ya banda, kwenye ile safu ya maduka, ndipo alipokuwa Mama Pindo na cherehani yake. Hawa wawili walikuwa chanda na pete. Mume wa Mama Buluu alipofariki, Mama Pindo alihamia kwake na godoro lake, akalala sakafuni wiki baada ya wiki, mpaka Mama Buluu mwenyewe akamwambia, "Shoga, rudi kwako, mumeo atasahau sura yako." Walilea watoto pamoja kiasi kwamba binti ya Mama Buluu alipokuwa mdogo alikuwa akila chakula cha mchana katika nyumba zote mbili, na kila nyumba ikidhani mtoto hajala. Mama Pindo hakuwa na desturi ya kubisha hodi. Aliacha ndara zake mlangoni, akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye birika.

Na hizo ndara zitajwe vizuri, kwa sababu zina kazi mbele. Mama Pindo hakuvaa kitu kingine miguuni. Alivaa ndara sokoni, ndara hospitalini, ndara kwenye sherehe za watu wenye nafasi zao. Alisema mguu unaokanyaga cherehani mchana kutwa hauna haja ya kufungwa tena jioni.

Basi ukaja uchaguzi wa diwani, na safari hii haukuwa wa mabango na nyimbo tu. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Katibu, yaani katibu wa chama cha watia rangi, mtu wa pale pale bandani, mwenye sauti kubwa na suruali moja nzuri. Wa pili alikuwa yule mwenye ile safu ya maduka, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwenye Mabanda. Huyu alikitaka kile kiwanja. Alisema waziwazi kwenye mikutano kwamba akichaguliwa "atasafisha eneo la nyuma", na kila mtia rangi alijua uchafu unaosemwa ni yeye. Diwani ndiye angekuwa na kauli barazani juu ya kiwanja kile. Katibu akishinda, banda linabaki. Akishindwa, watu sitini wanabeba mapipa yao kwenda kusikojulikana. Kwa Mama Buluu, ambaye hakuwahi kujua kazi nyingine na mikono yake isingemruhusu kujifunza nyingine, hilo lilikuwa la kufa na kupona.

Katibu alimwomba awe wakala wake kituoni. Wiki hiyo hiyo Mwenye Mabanda alimwomba Mama Pindo awe wakala wake. Mama Pindo alikuja na habari hiyo huku anacheka.

"Ningemkataliaje, shoga? Mwenye duka ni yeye. Nikimwambia sitaki, kesho nashonea barabarani."

"Kubali," Mama Buluu alisema. "Wewe kaa huko, mimi nikae huku, jioni chai ni ile ile."

"Lakini usinikonyeze mbele za watu."

"Nani atakukonyeza na miwani hiyo?"

Hivyo ndivyo walivyokwenda kituoni, wakiwa wamebeba chupa moja ya chai na vikombe viwili.

Kituo kilikuwa darasa la shule. Karani aliyekisimamia alikuwa mwalimu kijana wa hesabu, mpole kupita kiasi, aina ya mtu anayeomba radhi akikanyagwa. Mambo yalianza vizuri. Mtu anaingia, jina linatafutwa kwenye daftari la wapiga kura, linakatwa kwa rula, anapewa karatasi, anakwenda nyuma ya pazia, anatumbukiza, kisha anachovya kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwenye kichupa cha wino usiofutika, ili asirudi tena. Ndipo watia rangi wakaanza kufika, moja kwa moja kutoka bandani.

Wa kwanza alichovya kidole, akakitoa. Karani akakitazama. Akakitazama tena kwa karibu. Kilikuwa vile vile. Wino mweusi juu ya ukucha mweusi na ngozi ya buluu hauonekani, hata ukiwa na macho ya tai.

"Sasa huyu nitajuaje kama amechovya?" karani aliuliza.

"Umemwona anachovya," mtu mmoja kwenye foleni alisema.

"Nimemwona. Lakini akirudi saa kumi nitajuaje?"

Foleni ikaanza kutoa ushauri, kama ilivyo kazi ya foleni. Mmoja akasema wachovywe masikio. Mwingine akasema pua, na mwenzake akamjibu kwamba yake haitaingia kwenye kichupa. Karani alikuwa anatoka jasho. Mama Pindo, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa meza, ndiye aliyelimaliza.

"Si wana miguu?" alisema. "Hawa watu wanashinda ndani ya buti. Miguu yao ni misafi kuliko nyuso zao. Wavue, wachovye kidole gumba cha mguu, huo wa kushoto. Mambo yamekwisha."

Watu walicheka, lakini karani hakucheka, alikuwa anafikiri. Alimpigia simu Msimamizi wa uchaguzi wa kata nzima, akaweka sauti ya nje ili mawakala wote wasikie. Msimamizi alikuwa na haraka zake. Alisema, "Mawakala wote wawili wanakubali?" Mama Buluu akasema anakubali. Mama Pindo akasema wazo lenyewe ni lake, atalikataa vipi. "Basi endeleeni," Msimamizi akasema, "na msinipigie tena, nina vituo vinavyonitoa roho." Akakata simu.

Na Mama Pindo ndiye aliyetangulia kuchovya mguu, ingawa mikono yake haikuwa na rangi hata kidogo. Ilipofika zamu yake ya kupiga kura alivua ndara, akaweka mguu juu ya kigoda.

"Nami nichovyeni huku huku," alisema. "Nyumbani nina gauni jeupe la mwanetu. Nikilishika na wino mbichi, nitamwambia nini bi harusi?"

Mwanetu huyo alikuwa binti ya Mama Buluu, aliyekuwa anaolewa mwezi uliofuata. Gauni lake lilikuwa linashonwa na Mama Pindo, nani mwingine? Mama Buluu alimtazama rafiki yake pale, mguu juu ya kigoda, anacheka kwa kutekenywa na wino baridi, akajiambia kwamba Mungu alipomnyima dada alikuwa na sababu zake.

Siku nzima iliendelea hivyo, buti zikivuliwa, soksi zenye matundu zikionekana, harufu nyingine zikilazimu dirisha lifunguliwe. Jioni kura zikahesabiwa, mawakala wakaridhika, ikabaki kujaza fomu. Karani alifika kwenye sehemu ya matukio yasiyo ya kawaida, akanyanyua kalamu.

"Hili la miguu niliandike?"

"Uandike nini?" Mama Buluu alimuuliza. "Kwamba watu wamevua viatu? Watatucheka mpaka makao makuu."

"Tulikubaliana wote, simu imepigwa, kuna ubishi gani?" Mama Pindo aliongeza.

Karani akaandika "Hakuna", kwa mwandiko mzuri wa kiualimu. Wote watatu wakatia sahihi. Uaminifu wao wote, na urafiki wa miaka yote ile, ukaingia kwenye neno hilo moja. Mimi ninayesimulia nikikumbuka jambo hili hasira hunipanda mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Katibu alishinda kata nzima kwa kura tisa. Bandani watu walicheza kati ya mapipa. Kesho yake Mwenye Mabanda akadai kura zihesabiwe upya, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo, kura tisa ni chache, mtu yeyote angedai.

Uhesabuji upya ulifanyika kwenye ukumbi wa mji, chini ya Msimamizi mwenyewe, mtu mrefu mwenye miwani aliyokuwa akiivua kila anapotaka kusema jambo lisilopendeza. Masanduku yalifunguliwa moja moja. Kila karatasi ilinyanyuliwa, ikaonyeshwa kulia, ikaonyeshwa kushoto, ikawekwa kwenye fungu lake. Mama Buluu alikaa hapo mchana wote bila kwenda hata chooni. Ikatokea karatasi moja ya kituo chao ambayo alama yake ilikuwa imekaa juu ya mstari, nusu kwa Katibu na nusu kwa mwenzake. Mawakala wa Katibu walianza kupiga kelele kwamba ni yao. Mama Buluu aliisogelea, akaitazama.

"Hiyo kweli imekaa katikati," alisema. "Iwekeni pembeni."

Mtu alimpiga teke chini ya meza, lakini alikuwa ameshasema. Hesabu ikaisha kwa kura nane badala ya tisa, na Katibu bado yuko mbele. Watu walikuwa wameanza kushikana mikono pale wakili wa Mwenye Mabanda aliposimama na kusema kwamba mteja wake hana ugomvi na hesabu. Ugomvi wake ni na kituo cha darasani. Alisema amepata habari kwamba kituo hicho watu hawakuchovya vidole kama kanuni inavyotaka, kwamba watia rangi walipita na mikono yao ya buluu ambayo haiwezi kuonyesha wino, na kwamba hakuna awezaye kujua nani alipiga kura mara moja na nani alirudi kwa jina la mwingine. Akaomba kura zote za kituo hicho zifutwe.

Mama Buluu karibu acheke. Alisimama, akaeleza habari ya miguu yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, na simu, na makubaliano. Alimgeukia Msimamizi.

"Mheshimiwa, na wewe ulisema tuendelee. Tulikusikia sote."

Msimamizi alivua miwani. "Mama, siku ile nilipokea simu nyingi sana. Siwezi kukumbuka kila moja. Mambo kama hayo huandikwa kwenye fomu." Akaifunua fomu. "Hapa pameandikwa 'Hakuna'. Sahihi yako hii hapa."

"Basi muulizeni karani."

Karani hakuwepo. Ilisemekana amepata uhamisho wa ghafla kwenda shule ya mbali, na simu yake ilikuwa haipatikani. Mtu mpole akitishwa hukimbia, na huyu alikimbia vizuri sana.

Nje ya ukumbi watia rangi walikuwa wamejaa. Habari ilipowafikia walivua buti, wakaingia hadi mlangoni wamepanga miguu yao, vidole gumba vyeusi mstari mzima, kila ukucha na wino wake. Ungeona vile, ungecheka kisha ungelia. Wakili aliwatazama kwa utulivu.

"Vidole hivi vingeweza kuchovywa jana," alisema.

"Wino ule hauuzwi dukani," Mama Buluu alijibu.

"Ni kweli, mama. Lakini ninyi kazi yenu ni rangi. Nani atatuhakikishia kwamba hamkuutengeneza?"

Maisha yake yote Mama Buluu alikuwa akijivunia kazi ile, na sasa kazi ile imegeuzwa ushahidi kwamba yeye ni tapeli. Alikaa chini taratibu. Hata hivyo hakukata tamaa, kwa sababu alijua bado kuna mtu mmoja, na mtu huyo anatosha. Msimamizi mwenyewe alisema kwamba wakala wa upande wa pili akithibitisha makubaliano, kituo kitabaki na kura zake.

"Mwiteni Mama Pindo," Mama Buluu alisema, na alilisema kwa moyo mweupe kabisa.

Hawakuwa wameonana siku nne. Mama Pindo alikuwa ametuma salamu kwamba ana kazi nyingi za sare za shule na mafua juu. Mara ya mwisho, uchaguzi ukiwa umekwisha, alikuja kumpima binti gauni, akiwa amejaza pini midomoni, mikono yake misafi ikipita juu ya kitambaa cheupe. Mama Buluu aliikumbuka mikono hiyo vizuri.

Mlango wa upande ukafunguliwa. Kabla ya kumwona uso, Mama Buluu alisikia hatua, na hatua zile zilikuwa ngeni, ko, ko, ko, juu ya sakafu ya saruji. Mama Pindo alikuwa amevaa viatu. Viatu vyeusi, vya kufunika, vya kamba, na soksi ndani.

Mama Buluu alijua kila kitu kabla hakijasemwa, ila alibaki anaomba awe amekosea.

"Mama," wakili aliuliza, "siku ya uchaguzi ulichovya wapi wino?"

Mama Pindo alinyanyua kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kilikuwa cheusi mpaka kwenye kiungo cha kwanza.

"Hiki."

"Kulikuwa na makubaliano yoyote ya kuchovya miguu?"

"Sikumbuki makubaliano."

"Uliona watu wakivua viatu?"

"Mimi nilikuwa naangalia karatasi."

Aliyasema yote hayo akiitazama meza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma somo darasani. Mama Buluu alikitazama kile kidole. Wino wake ulikuwa ukingali unang'aa, wakati vidole vya watu wengine wote ukumbini vilikwisha kufifia. Na kama alivyosema mwenyewe, wino ule hauuzwi dukani. Vichupa vyote vilirudishwa ofisini kwa Msimamizi. Basi aliyemchovya alimchovya kutoka huko, na wote walioketi kwenye meza ile kubwa, wenye tai na miwani, walikuwa wakimpaka Mama Buluu mafuta kwa mgongo wa chupa tangu asubuhi. Kuonyesha karatasi kulia na kushoto kote kule kulikuwa mchezo wa kuigiza, naye alikuwa ameucheza kwa unyofu mpaka akatoa kura moja kwa hiari yake.

Alisimama. "Shoga," alisema, "vua kiatu."

Mama Pindo hakunyanyua macho.

"Cha kushoto tu. Vua, sote tuone, turudi nyumbani."

"Shahidi hatavuliwa viatu hapa ndani," Msimamizi alisema, miwani mkononi. "Mama, tafadhali keti."

"Mimi siongei na wewe. Naongea na ndugu yangu."

Askari mmoja alimshika mkono kwa heshima, akamketisha. Mama Pindo alitoka kwa mlango ule ule wa upande, na zile hatua ngeni zikapotea polepole kwenye ukumbi wa nje. Kura za kituo cha darasani zilifutwa kabla ya jua kuzama, na Mwenye Mabanda akatangazwa diwani. Katibu alipanda juu ya ngazi, akaapa kwamba atakwenda mahakamani hata kwa miguu. Wiki iliyofuata alisema mahakama ina gharama. Iliyofuata hiyo akaonekana anasalimiana na diwani, akiwa amevaa ile suruali nzuri.

Mama Buluu alijikaza kisabuni. Alikwenda kazini, akachanganya rangi, akatumbukiza na kutoa. Wenzake walitaka kumtukana Mama Pindo mbele yake, kwa kudhani wanamfariji, naye akawa anawahamishia maneno kwenye habari za mvua. Nyumbani aliteleka maji ya chai, akatoa vikombe viwili bila kufikiri, akakirudisha kimoja kabatini. Banda angelililia na wenzake. Hili lingine hakuwa na wa kulilia naye, maana mtu ambaye angemlilia ndiye huyo huyo aliyemfanyia. Alikuwa amesalitiwa na mtu anayejua mahali anapoficha funguo.

Wiki moja kabla ya harusi, binti yake alimwambia kwa sauti ya chini kwamba gauni limekwisha na mama mdogo anataka kulileta kwa kipimo cha mwisho.

"Alilete," Mama Buluu alijibu. "Gauni halijakosa."

Mama Pindo alikuja alasiri. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alibisha hodi. Alisimama barazani na gauni mikononi, limefunikwa shuka safi, na miguuni alikuwa na vile viatu vyeusi.

"Karibu ndani, mama mdogo," binti alisema. "Vua viatu, upite."

Nyumba ile watu huvua viatu mlangoni, wageni na wenyeji. Mama Pindo aliangalia kizingiti, akaangalia miguu yake.

"Tupimie hapa hapa barazani," alisema. "Kuna mwanga mzuri."

Hivyo binti alivalia chumbani, akatoka na gauni lake jeupe hadi barazani, mbele ya majirani wote waliojifanya wanafagia. Gauni lilimkaa vizuri mno. Hapakuwa na mshono uliopinda wala doa, na Mama Buluu alijua kwa nini hapakuwa na doa. Mama Pindo alipiga magoti, akajaza pini midomoni, akaanza kukunja pindo. Ule wino wa kidole chake ulikuwa umeanza kufifia. Akiwa na pini midomoni asingeweza kujibu, na pengine ndiyo maana Mama Buluu alichagua wakati huo kusema.

"Nani alikuchovya?"

Mama Pindo aliendelea kukunja. Alizunguka robo ya gauni, akazitema pini moja moja kwenye kiganja.

"Msimamizi," alisema. "Alishika kichupa mwenyewe. Mwenye Mabanda alikuwa amekaa hapo. Waliniambia duka wamepata mtu mwingine, nitoe cherehani kabla ya mwisho wa mwezi, labda kama nitakumbuka vizuri."

"Na ukakumbuka vizuri."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekuja kwako na cherehani yangu. Ningeiweka pale, kando ya kabati. Tungebanana."

Inaonekana katika siku zile nne za mafua ya uongo hilo halikumpitia Mama Pindo akilini hata kidogo, na sasa lilipompitia, uso wake ulikunjamana. Binti alikuwa akiwatazama kutoka juu, mikono ameinyanyua ili isiguse kitambaa, machozi yanamtoka, hathubutu kujisogeza kwa sababu ya pini.

"Nimekukosea," Mama Pindo alisema.

"Ndiyo."

"Mwanetu anaolewa Jumamosi. Nije, au nisije?"

Mama Buluu aliitazama mikono yake ya buluu, iliyokuwa imekaa mapajani bila kazi. Kwa mbali, nyuma ya maduka, zilisikika nyundo. Vijana wa Mwenye Mabanda walikuwa wameanza kuchimbia nguzo za uzio.

"Njoo," alisema. "Ila uvae ndara."

Jumamosi Mama Pindo alikuja. Alikaa meza ya nyuma kabisa, katikati ya wageni wa upande wa bwana harusi ambao hawakumfahamu, na kila bi harusi alipopita alikuwa akilitazama pindo la gauni. Mama Buluu alizunguka na jagi, akiwamiminia wageni maji ya kunywa, meza baada ya meza. Alipofika ile ya nyuma aliinama kidogo, akaangalia chini ya kitambaa cha meza. Viatu vyeusi, vya kufunika, kamba zimefungwa vizuri.

Akammiminia maji kama alivyowamiminia wengine, akamwambia, "Karibu sana, mgeni," akasogea kwa anayefuata.